Tope Nyuma ya Goti

Himid alijua ameumbuka pale kiganja cha mama yake kilipogeuka cheusi. Asubuhi aliaga anakwenda hospitali kwa mazoezi ya mguu. Sasa tope la msitu wa Epping, lililoganda nyuma ya goti, lilikuwa likiyeyuka kwenye mafuta ya habasoda.

Mama amekuwa akiyasomea Yasini mafuta yale tangu baiskeli ilipomvunja Himid mguu milimani. Kila jioni humkanda, na vidole vyake mwenyewe vimevimba kwa baridi yabisi.

"Mama, ile baiskeli... sikuiuza."

Mama alilifuta tope kwa upindo wa kanga, akaendelea kukanda taratibu hadi kwenye kifundo. Kisha akamimina mafuta mengine kiganjani.

"Lete na mguu wa pili, mwanangu. Nao leo umefanya kazi."