Wimbo wa Mfereji

Askari aliitupa kanda ya kwanza kwenye sakafu ya kituo cha polisi cha sokoni, akaikanyaga.

"Nyingine umeficha wapi?"

"Si umezikuta zote kwenye kapu la ndizi?" Aikande alimjibu. "Kanyaga na hizo."

Alikuwa akinakili wimbo mmoja tu. Primus, kijana wa kijijini kwao Rombo, aliimba jinsi mwekezaji wa parachichi alivyoziba mfereji uliokuwa ukinywesha migomba yao, akawataja kwa majina waliompa ruhusa. Wimbo ukapigwa marufuku, na simu za watu zikaanza kukaguliwa. Ndipo Aikande alipoitoa redio ya marehemu baba yake, ile yenye sehemu mbili za kanda, akaanza kurekodi chumbani kwake Majengo, mjini. Kila alipopanda gari kwenda sokoni Mkuu, kule kwao Rombo, alizipeleka kanda hizo chini ya ndizi na kuzigawa bure.

Primus mwenyewe hakuonekana tena. Watu walisema kafungwa. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba keshauawa. Kihamba cha mama yake Aikande, shamba lao la migomba, kilikuwa kimekauka, na kila alipomkuta mama huyo anapandisha mlima na ndoo kichwani, Aikande alirudi mjini na hasira, akarekodi mpaka redio ikapata moto.

Askari akabadili sauti. Akamwita dada, akamwambia kwamba akimtaja tu anayemsaidia, ataenda nyumbani leo hii. Aikande akamkumbuka Flavia aliyekuwa akimtafutia kanda tupu.

"Simtaji mtu," alisema. "Nataka kwanza nimwone Primus. Nimwone kwa macho yangu kwamba ni mzima."

Askari akamtazama. Akasema hilo halina shida, atamwona, maana yuko njiani.

Aikande akajiandaa kuona pingu na uso uliovimba. Akaapa moyoni kwamba wakimleta ameumizwa, atapiga kelele soko zima lisikie.

Gari likasimama nje. Askari akavaa kofia yake upesi, akaenda kufungua mlango.

Primus aliingia amenenepa, amevaa shati lenye nembo ya shamba la parachichi. Akachungulia ndani ya kapu, kisha akamgeukia askari.

"Ndiye huyu anayeiba wimbo wangu?"