Kama Alivyoonyesha Ogola

Mtu wa kwanza kuyataja makala ya Lazarus Ogola juu ya kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa mhandisi wa madaraja. Wa pili alikuwa daktari wa meno. Mvua za Aprili zilipoanza, yalikuwa yametajwa hata katika andiko la sheria kuhusu urithi wa ardhi.

“Hawa watu wanajua omena?” aliuliza Seline, mkewe, akipepea jiko mlangoni mwa chumba chao cha kupanga katika mtaa wa mabanda wa Lindi.

“Si lazima wajue, Mama Apiyo. Lazima wanitaje.”

Miezi michache nyuma hakuna aliyekuwa akimtaja. Dakta Githinji, mkuu wa idara na mwenye ploti ya vyumba vya kupanga kule Kawangware, alikuwa amemwita ofisini na kumwacha amesimama.

“Mkataba wako unaisha Juni,” alisema. “Siku hizi wakubwa hawaulizi umeandika nini. Wanauliza nani amekutaja. Kuna kitabu kinene kutoka ng’ambo kinachohesabu mambo hayo. Nimekutafuta humo, Ogola. Nikamwona Ogilvie, nikamwona O’Hara. Katikati hakuna mtu.”

“Lakini kazi yangu ni ya kweli, Daktari. Omena wakianikwa juu ya wavu, si juu ya mchanga, mtoto wa maskini atakula bila kutafuna mawe.”

“Chema chajiuza, bwana,” alisema Githinji, akachukua kofia yake.

Ogola alirudi nyumbani akiwa na uchungu. Aliyapenda makala yale. Aliamini kabisa kwamba siku moja akina mama wa ziwani wangeanika kama alivyoeleza, na watoto wangenenepa. Ila mkataba ukiisha Juni, nani angewafikishia?

Dawa aliipata Jumamosi moja katika baa ya Kisumu Ndogo. Mpiga nyatiti alikuwa amekolea, mara jamaa mmoja akasimama, akatupa sarafu kwenye sahani, muziki ukakatwa. Jamaa akajisifu: yeye ni simba, yeye ni mvua ya mawe. Kisha akamsifu rafiki yake wa meza ya pili. Kwa desturi ya Wajaluo, aliyesifiwa hawezi kukaa kimya. Rafiki naye akainuka, akatupa sarafu, akamrudishia sifa zote na nyongeza. Nyatiti iliporejea, wote wawili walikuwa watu wakubwa, na hakuna aliyeuliza wamefanya nini.

Ogola aliweka chupa chini polepole.

Jumatatu aliwaendea wenzake chuoni: Okoth wa madaraja, Rahab Wagaki wa meno, Phanuel wa sheria. Wote walikuwa na mikataba, na wote hawakuwa wakilala.

“Omena na daraja, wapi na wapi?” Okoth alicheka.

“Vyote viko juu ya maji, bwana. Wewe nitaje, mimi nikutaje.”

Wakakutana katika chumba cha nyuma cha baa ile, wakapatana. Ogola alitimiza ahadi: makala yake mapya ya omena yaliingiza nguzo za daraja, magego, na shamba la marehemu. Dhamiri ilimsuta kidogo. Akajipoza kwamba ni kwa ajili ya watoto.

Ndipo akaja mtu wa koti la kijivu. Aliruka mitaro ya Lindi kwa viatu vinavyong’aa, akamwulizia Ogola kwa majina yake yote. Moyo wa Ogola ukaruka pia. Kamati ya vyeo ya chuo kumfuata mpangaji mlangoni!

“Wewe ndiwe Ogola anayetajwa na kila mtu?”

“Kila mtu ni kuzidisha,” alisema Ogola, akijizuia kutabasamu. “Karibu chai.”

Mgeni hakugusa chai. “Kule kwetu tunahesabu. Madaktari, mainjinia, mawakili. Wote wewe tu. Mlipatana?”

Ogola hakuumbwa kusema uongo. “Tulipatana.”

“Wapi?”

“Kisumu Ndogo. Chumba cha nyuma.”

“Mnataka kufika wangapi?”

“Tukipata mia, vizuri! Nina rafiki Kampala amekubali. Na mwingine Dar es Salaam.”

Mgeni akampa mkono kwa mara ya kwanza. “Kesho asubuhi gari litakuja. Wakubwa wanataka kukuona.”

Usiku kucha Seline hakuacha kuuliza. “Baba Apiyo, mbona hakunywa chai?”

“Watu wa kamati hawali cha mtu. Wataonekana wanapendelea.”

Asubuhi alimpigia tai pasi. Majirani walitoka milangoni kumtazama. Amolo, muuza omena, alipaza sauti, “Mwalimu! Ukipanda cheo usijifanye hutujui!” Ogola aliwapungia wote kutoka dirishani mwa gari.

Gari lilipita lango la chuo bila kupunguza mwendo. Ogola alidhani kamati inakaa mahali pengine siku hizo. Akashushwa ngazi, ngazi tena, akaingizwa katika chumba kisicho na dirisha. Mezani palikuwa na makala yake ya kwanza, yamepigiwa mistari ya wino mwekundu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Machozi yalimlenga. Hatimaye kuna mtu aliyeyasoma.

“Tumeyasoma sana,” alisema mtu wa koti la kijivu, akivua saa na kukunja mikono ya shati. “Wadogo ni wengi. Wamelazwa chini mchangani. Jua linawakausha, ndege wakubwa wanawala. Halafu wewe unaandika kwamba wakati umefika wa kuwainua. Hatuna haraka, Daktari. Hebu tuambie: hao omena ni akina nani?”