Nakala ya Sauti

Mwanamvua aliandika programu ya kupanga sauti za zamani za redio ya mji. Asije akaharibu, alinakili mkusanyo mzima, akajaribu kufuta kwenye nakala. Sauti zikatoweka kotekote. Katika lugha ya kompyuta aliyoitumia, ukinakili namba, unapata namba mbili. Ukinakili mkusanyo, unapata jina la pili tu la kitu kilekile. Alilijua hilo akiwa amechelewa.

Kando yake aliketi Mzee Makwaya, aliyekuja kumsikia marehemu mkewe akisoma taarifa ya habari.

“Bado, mwanangu?”

“Bado, baba.” Mwanamvua akafungua tena orodha ya sauti, ikawa tupu.

“Usijali. Nimeshazoea kumngoja.”

Mzee akavaa hedifoni, akafumba macho, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesemeshwa kwa sauti ya chini.