Picha ya Mpiga Ngoma

Kila mwisho wa mwaka, nchi ile ndogo ilitoa kitabu cha mambo yake: sherehe, mashindano ya nyimbo, na mwishoni ukurasa wa marehemu. Desturi ilitaka picha ya marehemu iletwe na mtu wa nyumbani kwake.

Bi Sikudhani alikaa mbele ya karani wa kitabu, ameibana kifuani picha ya mumewe. Kombo, mpiga ngoma wa bendi ya taifa, alitoka Aprili kwenda mazoezini na hakurudi.

"Shemeji," alisema karani Mbaruku, "nchi yetu hii mtu akikohoa tunaandika. Miezi minane sasa, Kombo sijui nimweke wapi. Kitabu kinakwenda kuchapwa leo."

"Nikikupa hii picha nimemzika. Kesho nakaa eda."

"Na usiponipa, hatakuwepo popote."

Bi Sikudhani alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akasema, "Nionyeshe bendi kwanza."

Karani alizipanga picha za mwaka mezani. Januari, Kombo alikuwa akicheka nyuma ya ngoma yake. Siku ya bendera, ngoma ilikuwepo lakini kiti kilikuwa kitupu. Sikukuu ya mavuno, vivyo hivyo.

"Hawajaweka mwingine?"

"Hakuna anayetaka kukikalia."

Picha ya mwisho ilipigwa juma lililopita. Bi Sikudhani aliinama kuitazama. Wanamuziki wote walikuwa wameinua ala zao, na wote walikuwa wamekigeukia kile kiti kitupu, kama watu wanaongoja kuanzishiwa wimbo.