Gwanda Bichi

Kila askari polisi alikuwa na taa ndogo ya kijani kwenye kola ya gwanda lake. Akishafunga kifungo cha juu, taa huwaka, na tangu hapo mpaka atakapokifungua, hakuna mahakama iliyoruhusiwa kusikiliza shauri juu ya lolote alilotenda. Ndiyo maana Mwanahawa, mkewe Koplo Shomvi, alikuwa na amri moja nyumbani kwake: gwanda linavuliwa mlangoni. Miaka yote mumewe aliitii huku akicheka.

Jioni ile alilipokea kama kawaida, akalitumbukiza kwenye beseni la sabuni, kisha akampakulia ugali. Akangoja ameze tonge la kwanza.

"Baba Rukia, ni wewe uliyemvunja mkono yule kinyozi wa hapo kona?"

"Taa ilikuwa inawaka."

"Sijaiuliza taa, nimekuuliza wewe. Mkewe amekuja hapa analia, nikakosa pa kuuweka uso wangu."

Shomvi alinawa mikono taratibu, akainuka, akatoka uani. Mwanahawa alisikia nguo ikikamuliwa. Upesi akamsukumia binti yao chumbani, akarudishia mlango.

Mumewe alirudi amevaa gwanda bichi, povu likimchuruzika mpaka kwenye mkeka. Hakuwa anacheka. Alifunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, hadi cha juu kabisa, na mwanga wa kijani ukaimulika sahani ya ugali.

"Haya, Mama Rukia," akasema kwa upole. "Ulikuwa unaniuliza nini?"