Lenzi ya Korongo

Spas alikuwa amelala kifudifudi kwenye kizingiti cha duka la kamera, miguu ndani, kichwa nje, akililenga bomba la moshi la kiwanda cha matofali. Wateja walimruka kama wanavyoruka dimbwi.

"Unaona nini?" aliuliza Evstati, mwenye duka.

"Bomba. Kiota. Upepo."

"Upepo hauonekani, mzee."

"Kwa hiki kilenzi chako, hauonekani. Lete ndefu zaidi."

Kamera alikuwa nayo tangu Jumatatu, ya kwanza maishani mwake, mpya hadi inanukia. Ilikuja bila lenzi, ikawa kichwa kisicho na jicho, na mfuko wake ungeweza jicho moja tu. Ndiyo maana asubuhi nzima alikuwa akichagua lenzi kama mtu anayechagua mke. Na mke ndiye hasa aliyekuwa akitafutwa.

Zdravka, mjane, mwoka mikate, dada yake Evstati, duka lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Spas alimposa siku ya kwanza ya Machi, walipokuwa wakifungana mkononi ule uzi mwekundu na mweupe ambao kila mtu pale huuvaa mpaka amwone korongo wa kwanza wa majira. Hapo huuvua na kuufunga kwenye mti unaochanua.

"Jibu utalipata korongo akija," Zdravka alimwambia. "Lakini niletee picha. Picha, Spas, si mayowe!"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka uliotangulia Spas alikimbia mtaa mzima akitangaza kwamba korongo ametua. Watu wakavua nyuzi, hata padri akavua wake, mti wa plamu ukaiva nyuzi kabla ya matunda. Kumbe ni mfuko wa saruji ulionasa kwenye antena. Tangu hapo watoto humwita Mjomba Saruji, na yeye huwaitikia.

Evstati alimwekea mbele lenzi ya katikati. "Hii inavuta kidogo, inapanua kidogo."

"Hiyo ni ya mtu asiyejua anachotaka. Mimi najua, tena nalala nikijua, naamka nikijua."

"Basi chukua hii fupi. Inakunywa mwanga hata chumbani. Sura za watu, meza ya chakula, watu wakicheza ngoma…"

"Kwani korongo atakuja kucheza mezani?"

"Wewe chukua tu. Jumapili utanishukuru, shemeji."

"Usiniite shemeji korongo hajatua! Unanitia nuksi!"

Evstati aligeuka akajitia kufuta rafu safi, mabega yakimtikisika.

"Halafu dada yako anaumwa?" Spas aliuliza. "Asubuhi nimenunua banitsa ya jibini kwake. Tanuri linawaka, jasho linamtoka, naye amejifunika sweta mpaka kwenye vidole."

"Ana baridi."

"Baridi mbele ya tanuri?"

"Ukoo wetu damu nzito. Utazoea."

Mwishowe lenzi kubwa kuliko zote ilishuka kutoka juu ya kabati, ndefu kama bomba la jiko. Spas aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameendesha winchi bandarini Burgas mpaka akastaafu. Mikono yake iliujua uzito, utulivu ndio haikuujua. Alijilaza tena, akaegemeza viwiko, akabana pumzi.

Lo! Bomba lilimrukia usoni. Angeweza kuhesabu vijiti vya kiota cha korongo. Ndani yake kulikuwa na shomoro mmoja, akijinyonyoa bila adabu.

"Yupo?" Evstati aliuliza.

"Yupo mpangaji. Mwenye nyumba bado."

"Na asipokuja kabisa?"

Spas aliutazama mkono wake. Uzi wake ulikuwa umechakaa, mwekundu umekuwa kahawia, mweupe umekuwa hauna jina. "Nitamposa tena mwakani," alisema. "Nikiwa na meno machache zaidi."

Mkono ukachoka. Lenzi ikateleza kutoka kwenye bomba, ikapita juu ya mapaa, ikashukia kwenye mti wa plamu uliochanua karibu na duka la mikate. Kwenye tawi la chini kulikuwa na uzi mmoja, wa mwaka huu, umefungwa vizuri kwa fundo la kitanzi.

"Heh! Kuna mtu ameshavua. Mwongo mwenzangu huyo."

Evstati alikohoa.

Nyuma ya tawi kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha, Zdravka. Adabu ilimwambia Spas aondoe jicho. Jicho likakataa. Zdravka alikuwa amekunja mikono ya sweta mpaka viwikoni, unga umempanda hadi kwenye nyusi, na kifundo cha mkono wa kushoto, pale panapofungwa uzi, kilikuwa kitupu. Mbele yake kulikuwa na ule mkate mkubwa wa mviringo ambao bibi na bwana harusi huung'ang'ania mbele ya wageni, waone nani atamega kipande kikubwa na kuitawala nyumba. Juu ya mkate, njiwa wawili wa unga. Zdravka, ulimi nje kama msichana wa shule, alikuwa akimbandika ndege wa tatu: miguu mirefu, mdomo mrefu.

"Evstati," Spas aliita bila kuinuka, sauti ikimtoka kama ya mtoto anayetekenywa. "Nipe ile fupi."

"Na korongo je?"

"Ameshatua. Yuko mezani, anangoja kuingia tanurini."