Maji Yaliyofichwa Jua

Mwatime aliukatiza uwanja wa hospitali ameifumbata chupa ndogo ndani ya kanga mbili. Muuguzi alikuwa ameizungushia karatasi nyeusi, akasema yatosha, lakini Mwatime hakumsikiliza. Ndani mlikuwa na maji yaliyovutwa kwa sindano tumboni mwake asubuhi ile, maji anamoelea mwanawe.

Damu yake iligombana na damu ya watoto wake. Ya mtoto aliyetangulia ilivunjikavunjika kabla hajazaliwa, rangi yake ikavujia kwenye maji, yakatoka ya manjano kama yametiwa bizari. Mtoto yule hakumpakata. "Safari hii tuyakinge vizuri," daktari alimwambia. "Jua huila rangi ile, maji mabaya yakaonekana mazuri."

Mzee Shomvi wa maabara alimwona akiingia anatweta. "Mama, hicho ulichokificha umekiiba wapi?"

"Funga pazia kwanza, baba."

Akafunga. Akafungua kanga ya kwanza, ya pili, kisha karatasi, huku akiguna. Akayapima maji kwenye mashine, akasoma. Akarudia, akasoma tena. Mwatime alikuwa amesahau kukaa.

"Manjano ni kidogo mno. Damu ya mwanao iko salama, mama."

"Nionyeshe."

Mzee akavuta pazia. "Sasa hata jua na liyaone."

Mwatime aliiinua chupa dirishani. Nuru ilipenya katikati ya maji, ikatua juu ya tumbo lake, doa jeupe lisilozidi ukucha. Na pale pale, kutoka ndani, kisigino kikalisukuma.